Waini nyeupe drai ya Chenin Blanc na misosi yetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeamua kuandika haya kwa sababu nimeona kitu kile kile mara nyingi mno hapa Dodoma. Mtu anamiminiwa waini nyeupe drai kwa mara ya kwanza, anaionja peke yake kabla chakula hakijafika, anakunja uso anasema hii imechacha, basi chupa inabaki mezani karibu nzima na watu wanahamia soda. Mi inaniuma kweli, maana zabibu zile zimelimwa hapa hapa, na samaki aliyefika dakika kumi baadae ndiye angemwonyesha ile waini ilitengenezwa kwa ajili gani. Kwahiyo ukitoka na kitu kimoja tu humu kiwe hiki: waini nyeupe drai ichukulie kama ndimu ya mezani. Hakuna anayelamba ndimu kavu kavu akasema mbaya, ndimu inakamuliwa juu ya kitu.

"Drai" maana yake nini? Mbona ni maji maji tu kama zingine?

Kwa Kiingereza ni "kavu", ila kwenye waini maana yake haina sukari, au imebaki kidogo sana kiasi kwamba ulimi hauioni. Juisi ya zabibu zilizoiva vizuri inaweza kuwa na gramu 200 na zaidi za sukari kwa lita, ni tamu kuliko soda, hamira inaila ile sukari na kuigeuza kuwa pombe na gesi. Kila gramu 17 hivi za sukari kwenye lita zinakupa asilimia moja ya pombe. Hamira ikiachwa imalize kazi yake yote, unapata drai. Ikisimamishwa njiani, au sukari ikiongezwa mwishoni, ndio unapata ile tamu ambayo wengi wetu tulianza nayo. Afrika Kusini wakiandika drai kwenye lebo sukari haitakiwi kuzidi gramu 5 kwa lita, kwahiyo sio maneno ya mapambo.

Mbona chachu hivyo, haijaharibika kweli?

Ule uchachu ni asidi ya zabibu yenyewe na ndio mali yake. Waini iliyoharibika unaijua kwa pua kabla ya mdomo, inanuka siki, au rangi ya kucha, au boksi lililoloa maji, na wakati mwingine rangi inakuwa imeenda kwenye kahawia. Nzima inanukia matunda. Sasa mate yakikujaa pembeni ya ulimi baada ya kumeza, hiyo ni dalili nzuri, ndio mdomo unavyofanya mbele ya embe bichi lenye chumvi, na mdomo uliojaa mate uko tayari kula.

Chenin Blanc ni kampuni au?

Ni aina ya zabibu, kama vile embe lina dodo na bolibo. Tamka Shenin Blon. Kwao ni bonde la mto Loire huko Ufaransa, sehemu za Anjou na Vouvray, ila siku hizi nchi yenye mashamba mengi ya Chenin kuliko zote duniani ni Afrika Kusini, na huko ndiko zinakotoka nyingi unazoziona kwenye supamaketi zetu. Walikaa nayo miaka na miaka wakiiita Steen, mpaka mwaka 1965 Profesa Orffer wa chuo kikuu cha Stellenbosch huko huko alipoyalinganisha majani akaonyesha kwamba Steen na Chenin Blanc ni mzabibu mmoja. Kwahiyo ukikuta chupa ya zamani imeandikwa Steen usiogope, ni huyu huyu.

Afrika Kusini wana pia mizabibu mizee, na wanaiheshimu, kuna chupa zina stika shingoni inayokwambia shamba lilipandwa mwaka gani, na ili uipate stika hiyo mizabibu lazima iwe na miaka 35 au zaidi. Mzabibu mzee unatoa matunda machache ila yana ladha nzito. Ukiwa na sherehe na una uwezo, tafuta hiyo ya mizabibu mizee ya Swartland au Stellenbosch, utaona tofauti bila kuambiwa na mtu.

Na hizi zetu za Dodoma je?

Hapa naweza kuongea mpaka usiku. Zabibu zilikuja Dodoma na wamisionari Wakatoliki kutoka Italia, walizipanda Bihawana miaka ya 1950, padri alihitaji divai ya misa na ardhi ikakubali. Leo ukitoka mjini kwenda Mpunguzi, Hombolo, Makutupora, unapita mashamba. Zabibu nyeupe inayolimwa sana ni hii hii Chenin Blanc, ile nyekundu maarufu inaitwa Makutupora, na kituo cha utafiti wa zabibu kiko huko huko Makutupora.

Kitu ambacho Wafaransa hawana: sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno moja yanaangukia kama mwezi wa pili na wa tatu, mengine mwezi wa nane na wa tisa. Yale ya masika ni ya presha, mvua inaleta ukungu wa ubwiri kwenye majani na matunda, mkulima anapulizia dawa na kuomba Mungu. Yale ya kiangazi jua ni kavu, usiku wa mwezi wa saba huku ni wa kuvaa sweta kwa sababu tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, zabibu zinaiva taratibu. Na Chenin ina tabia moja inayoifaa nchi ya joto: haipotezi asidi yake haraka. Zabibu nyingine ukiziweka kwenye jua kama hili zinakuwa tamu na kulegea, hii inakaa imara. Ndio maana mi naamini kabisa hapa ni kwake.

Kwa ladha, tegemea kitu cha mapera, nanasi, tufaa, na harufu kidogo ya asali, japo asali hiyo ni ya puani tu.

Haya, nile nayo nini?

Anza na samaki, na ndio njia rahisi ya kumwelewesha hata mgeni. Sato wa kukaanga mzima, chumvi ya kutosha, ngozi ikalie, pembeni kachumbari na ndimu. Kula kipande, kisha piga funda moja. Yale mafuta yaliyobaki juu ya ulimi yanaondoka, unarudi kwenye samaki kama ndio unaanza kula, na waini ambayo dakika tano zilizopita ulisema chachu inageuka laini, karibu tamu. Sio uchawi, chumvi inaupunguza makali uchachu wa waini, na uchachu unakata mafuta. Kanuni yenyewe ndio hiyo, vingine vyote ni mifano: kitu chenye mafuta, au chumvi, au ndimu, kinaipenda.

Kwahiyo kuku wa kuchoma aliyelala kwenye limao na kitunguu saumu, ndio. Chipsi kavu, ndio, na usicheke, chipsi ni mafuta na chumvi tupu. Chipsi mayai pia. Kitimoto, hasa ile ya kukaanga yenye mafuta yake na ndizi za kuchoma na limao juu, hapo naweza kusema ndio mwenzi wake wa kweli Dodoma hii, kwa sababu kitimoto bila kitu kichachu inakinai haraka. Kamba na pweza wa kuchoma wa pwani, ndio. Sambusa za moto, bajia, kachori, ndio.

Nazi inataka utulie kidogo. Samaki wa kupaka, kamba wa nazi, mchicha wa nazi, kisamvu cha nazi na karanga, vyote hivi ni vizito na vina utamu wake wa ndani, waini nyepesi sana inazama humo huisikii. Hapo chukua Chenin iliyokaa kwenye mapipa ya mwaloni, lebo huwa inasema, inakuwa nzito zaidi mdomoni. Na tui likikutana na ukwaju au ndimu kwenye mchuzi, basi hata ile ya kawaida inatosha, kwa sababu uchachu unakutana na uchachu. Ila chunga, chakula kikizidi uchachu kuliko waini, waini inakuwa kama maji. Achari ya embe kali inaiua kabisa.

Pilau na biriani ya kuku zinaenda vizuri, iliki na mdalasini zinakutana na ile harufu ya asali. Mchuzi wa biriani ukiwa na maziwa mgando, vizuri zaidi.

Vyakula vyetu vya huku Ugogoni je, ugali wa uwele na mlenda? Mlenda mtupu ni mpole, hauhitaji kitu. Mlenda uliotiwa karanga ni habari nyingine, karanga ni mafuta, unakubali.

Na dagaa?

Dagaa wa kukaanga wakakauka, wenye chumvi na ndimu, ni kitafunio kizuri kuliko hata karanga za kwenye pakiti. Dagaa wa mchuzi wa nyanya nyingi sijawahi kuona wakielewana nayo, nyanya iliyopikwa sana inataka kitu kingine.

Pilipili vipi? Napenda kali.

Pole pole hapo. Pombe inaongeza moto wa pilipili, sio kupunguza, na waini drai haina sukari ya kukupoza. Nilishawahi kukaa mezani na watu wa mbuzi rosti iliyojaa pilipili kichaa, tukafungua Chenin drai ya asilimia 14, kila funda lilikuwa kama kuongeza kuni kwenye moto, wenzangu wakaishia kuomba maziwa. Ukipenda pilipili chagua yenye pombe ndogo, asilimia 11 au 12, iwe ya baridi sana, au kubali kwenda kwenye ile yenye utamu kidogo. Pilipili ya pembeni unayochovya mwenyewe haina shida.

Nyama choma je? Si wanasema nyeupe ni ya samaki na nyekundu ni ya nyama?

Huo msemo una ukweli nusu. Nusu ya kweli ni ya samaki: waini nyekundu nyingi zina madini ya chuma ya kutosha, na chuma hiyo ikikutana na mafuta ya samaki inaamsha lile shombo mdomoni, Wajapani walishachunguza wakaona hivyo. Nyeupe kwa kawaida ina chuma kidogo, ndio maana samaki anabaki msafi.

Nusu ya pili sio sheria. Mbuzi choma wetu hana mafuta kama ng'ombe wa kizungu, analiwa na chumvi, ndimu na kachumbari. Sasa hiyo ndimu ndio inayotoa maamuzi. Huko Loire kwenyewe jirani mkubwa wa waini nyeupe mezani ni jibini la maziwa ya mbuzi, harufu ile ya mbuzi na uchachu vinapatana. Nyama ya ng'ombe ya kuchoma yenye damu damu mwachie nyekundu, hapo sibishani.

Naweza kunywa na keki?

Usifanye hivyo. Kitu chochote kitamu kuliko waini kinaifanya waini iwe chungu na nyembamba. Keki ya harusi, kaimati, tende, visheti, vyote hapana. Hapa ndipo waini nyingi nzuri zinapoonewa, kwenye maharusi watu wanafungua chupa wakati wa keki. Ifunguliwe na chakula.

Iwe ya baridi kiasi gani? Naweza kuweka barafu?

Nyuzi 8 mpaka 12. Friji za nyumbani ziko kama nyuzi 4, kwahiyo itoe robo saa hivi kabla ya kunywa. Ikiwa baridi mno harufu inajifunga, ikiwa ya joto la chumbani Dodoma mwezi wa kumi na moja inanuka pombe tu. Kama umechelewa, chukua ndoo, weka barafu NA maji na konzi ya chumvi, zamisha chupa, dakika 20 hivi iko tayari. Maji ni muhimu, barafu peke yake inagusa chupa sehemu chache.

Barafu ndani ya glasi inazimua waini. Ila ni glasi yako, na kama ni mchana wa jua kali na waini ni ya kawaida, kunywa unavyofurahi.

Dukani nitajuaje kama ni drai?

Tafuta neno. Chupa za Tanzania na Afrika Kusini zinaandika "dry". Kifaransa ni "sec", Kiitaliano "secco", Kireno na Kihispania "seco", Kijerumani "trocken". Angalia sana "demi-sec" na "semi-sweet", hizo zina utamu, na watu wengi wamezibeba wakidhani ni drai. Chupa za Vouvray zinachanganya zaidi maana kijiji kile kile kinatoa drai, tamu kiasi na tamu sana.

Halafu angalia mwaka. Chenin ya kawaida inywe ndani ya miaka miwili mitatu, haina haja ya kuitunza kwa ajili ya mtoto kumaliza chuo. Na angalia ilipokaa! Kuna duka moja nilinunua chupa iliyokuwa imepangwa dirishani inapigwa na jua, nyumbani ikatoka rangi ya chai na harufu ya tufaa lililooza. Tangu hapo nachukua ya ndani, kwenye kivuli. Stempu ya kodi ya TRA pia iangalie, ni ulinzi wako.

Yenye kifuniko cha kuzungusha ni ya bei rahisi kuliko yenye kizibo?

Hapana. Kwa nyeupe za kunywa zikiwa changa kifuniko cha kuzungusha mi nakipenda zaidi, hakileti ile harufu ya boksi bovu inayotokana na kizibo kibaya, na hutafuti kizibuo usiku.

Chenin, Sauvignon Blanc na Chardonnay, tofauti ni nini?

Sauvignon Blanc inanukia majani mabichi, pasheni, kali na nyembamba, kule Naivasha nchini Kenya wanailima na inatoka vizuri. Chardonnay ni nene na tulivu, mara nyingi ina harufu ya siagi na mapipa. Chenin iko katikati, ina uchachu wa ya kwanza na inaweza kubeba uzito wa ya pili. Kwa meza zetu zenye vitu vitano kwa wakati mmoja, wali, samaki, mboga, kachumbari, ndizi, ile ya katikati ndio inayofika kila sahani.

Ikishafunguliwa inakaa siku ngapi?

Ifunge, irudishe kwenye friji, siku tatu mpaka tano. Ikizidi hapo pikia.

Nikipikia, pombe si inaisha yote?

Haiishi, na hili naomba lichukuliwe kwa uzito. Vipimo vilivyofanyika Marekani vilionyesha kwamba chakula kikichemka na pombe kwa dakika 15 bado inabaki kama asilimia 40 ya ile uliyotia, baada ya saa moja kama asilimia 25, na hata saa mbili na nusu bado asilimia 5 ipo. Kwahiyo kama una mgeni Muislamu, au mtu aliyeacha pombe, au mtoto, usimwambie "imeshakauka". Mwambie ukweli au mpikie sufuria lingine kwa ndimu na supu ya kuku, ladha inafika karibu sana. Na asiyekunywa mezani muwekee juisi ya ukwaju isiyo na sukari nyingi, inakata mafuta ya samaki kazi ile ile, atakula na nyinyi kwa raha ile ile.

Waini nyeupe inaniuma kichwa, ni zile kemikali?

Watu wanalaumu salfaiti, ile kemikali ya kuhifadhi waini isiharibike, na kweli nyeupe huwa nazo zaidi ya nyekundu, wenye pumu wengine zinawasumbua na wawe makini. Ila kwa wengi kichwa ni pombe na ukosefu wa maji. Chenin drai ya baridi inashuka kirahisi kama juisi huku ina asilimia 12 au 13, mtu anakunywa kwa kasi ya bia kumbe ni kali mara mbili na zaidi. Glasi ya maji kwa kila glasi ya waini, na chakula tumboni. Mjamzito, aliye kwenye dawa, anayeendesha, aliye chini ya miaka 18, hapana.

Nina chupa moja tu na wageni sita. Nipange vipi?

Chupa ni mililita 750, kwa watu sita kila mmoja anapata 125, glasi moja ya heshima, inatosha kabisa ukiipanga. Usiimimine watu wakiingia. Wape maji, wape bajia za moto. Sato wakianza kutoka kwenye mafuta, wawili wawili, ndio unafungua, unamimina nusu nusu, kila mtu ale kipande kwanza halafu ndio anywe. Nusu iliyobaki kwenye chupa irudi kwenye ndoo ya barafu mpaka kuku afike. Na yule mgeni wa kuonja peke yake kabla ya chakula, mkalishe karibu na sahani ya ndimu na chumvi, mpe samaki wa kwanza.